Dakika Arobaini za Kutazama Mlango

Tuliwaalika watu sita waje kuogopa, na wote sita waliondoka wakitabasamu. Jirani wa chini alisema nyumba imetoka vizuri sana kwenye picha. Mkewe akataka kujua mapazia yale nimeyanunua wapi. Mtu mwingine, ambaye simtaji kwa kuwa ni dada yangu wa toka nitoke, alijifuta machozi akasema pale mama anapoingia mlangoni pamemgusa moyo. Pale mama anapoingia mlangoni ndipo nywele zilipotakiwa kumsimama.

Filamu yenyewe ni ya Bosi, binti wa kaka yangu. Jina la Bosi nilimpa mimi, siku alipotupanga watu wazima wote mstari mmoja jikoni kwa sababu, alisema, tulikuwa tumekaa vibaya. Alikuwa na miaka minne. Sasa ana ishirini na sita, ameandika filamu ya kutisha, anaiongoza mwenyewe, na dakika zake nne za mwanzo zilikuwa zioneshwe Jumamosi, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa sinema, mbele ya watu mia moja wasiotujua hata kwa sura. Mume wangu alipewa muziki. Mimi nilipewa kamera.

Kwa miaka ishirini na miwili nimepiga video za harusi. Mume wangu hupiga kinanda kwenye harusi hizo hizo, kwa hiyo hatukumbuki mara ya mwisho kula keki ya mtu tunayemfahamu. Kazi yangu naipenda, na atakayeidharau tutakosana. Lakini video ya harusi huangaliwa na waliomo tu. Wanajitafuta. Wakijiona wanacheka, wasipojiona wananipigia simu. Hajawahi kutokea mtu asiyenijua, asiyekuwemo, akakaa chini kuangalia picha yangu kwa sababu ya picha yenyewe. Jumamosi ile ingekuwa mara ya kwanza, na niliitaka kuliko nilivyokubali kumwonesha mtu.

Wageni walipoondoka, Bosi alirudisha picha nyuma kwenye kompyuta. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Shangazi, tazama hapa. Mama anarudi kutoka kazini, anafungua mlango. Kamera inafanya nini?"

"Inampokea."

"Inampokea! Kwa nini inampokea?"

"Sasa mtu anaingia kwake, nimwache amesimama pale kama muuza sabuni?"

Akabonyeza tena. Ni kweli, kamera yangu ilikuwa inarudi kinyumenyume mbele ya yule mama, taratibu, imemweka katikati kabisa, kwa juu kidogo ili kidevu cha pili kisionekane. Uso ulikuwa na mwanga mzuri. Aliyeigiza alikuwa muuguzi anayeishi mlango wa pili, yupo likizo, na sijawahi kumwona amependeza vile. Katika hadithi, anakuta nyumba kimya, na mwisho wa korido mlango wa chumba alioufunga kwa ufunguo asubuhi uko wazi kidogo. Basi. Hakuna kingine kinachotokea katika dakika nne zile. Mtazamaji ndiye anayetakiwa ajaze mwenyewe kilichomo chumbani.

"Na hapa anauona mlango," Bosi akasema. "Wewe ukavuta picha mpaka usoni kwake."

"Nilidhani anataka kulia."

"Shangazi, watu wakimwona usoni kwa karibu hivyo wanajua wako naye. Wanajisikia salama. Mimi nataka wajisikie wako peke yao." Akamgeukia mume wangu, ambaye hadi hapo alikuwa akichekea pembeni akidhani amenusurika. "Na wewe, mjomba."

"Mimi nimepiga noti za chini, kama ulivyosema."

"Umepiga za chini, halafu kila mara unazifunga. Zinatisha sekunde tano, kisha zinaenda nyumbani, zinavua viatu."

"Siwezi kuwaacha watu wananing'inia," mume wangu akajitetea. "Kwenye harusi ukimwacha bwana harusi ananing'inia, hakuiti tena."

Bosi akafunga kompyuta. Alitazama meza badala ya kunitazama mimi, na nikajua linalokuja si zuri. "Kuna mpiga picha mmoja wa matangazo ya biashara," akasema. "Ana nafasi Ijumaa. Shangazi, nakupenda sana, lakini kama Alhamisi jioni bado ni harusi, itabidi nimwite."

Nilimwambia sawa. Kisha nikaenda jikoni kuosha sufuria zilizokuwa safi. Mume wangu alikuja akachukua kitambaa akawa anazifuta, moja baada ya nyingine, bila kuuliza. Huyo ndiye mume wangu: ukimpa taabu anaipanga kabatini.

Jumanne tulijaribu. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kamera ikiinama upande, mtazamaji hupata wasiwasi. Nikaiinamisha. Muuguzi alijitazama kwenye kioo cha kamera akasema anaonekana anatelezea kabatini. Nikaishusha sakafuni, ili miguu yake ionekane mikubwa na nyumba ionekane ngeni. Kutoka sakafuni niliona vumbi lililokuwa chini ya kochi, vumbi la muda mrefu, na kabla sijajua ninalofanya nilikuwa nimesimamisha kazi nikaenda kuleta ufagio. Siwezi kuonesha kitu kile kwa watu mia moja, hata kama wamekuja kuogopa.

Mume wangu naye akaona aache ustaarabu. Aliweka mikono yote miwili kwenye vibonye vya chini kabisa na kukandamiza. Spika zikanguruma. Kengele ya mlango ikalia. Jirani wa chini alikuwa amepanda kuuliza kama friji letu lina matatizo, maana yeye anamfahamu fundi mzuri.

Bosi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Siku zilikuwa zinakatika, na kila nilipoishika kamera mikono yangu ilifanya inavyojua. Mtu akigeuka, inamfuata. Akisimama, inamtafutia mwanga. Miaka ishirini na miwili ya kuwapokea watu haiondoki kwa kuambiwa iondoke. Nilianza kumchukia yule wa matangazo, mtu ambaye sijamwona na ambaye hajanikosea lolote.

Jumatano, saa tisa alasiri, tulikuwa tumekaa sebuleni watatu, tumechoka, jua linaingia dirishani. Bosi alikuwa amejilaza kwenye zulia.

"Katika harusi zote hizo," akauliza, "hamjawahi kuogopa? Hata siku moja?"

"Naogopa betri kuisha," nikasema.

"Nazungumzia woga wa kweli, shangazi."

Mume wangu alikuwa akifuta vibonye vya kinanda. "Mimi nimewahi," akasema. "Mara moja."

"Harusi ya nani?"

"Yetu."

Nilicheka. Ukoo mzima unaijua habari ya harusi yetu, na husimuliwa kila tunapokutana, na kila mwaka inaongezwa chumvi. Nilichelewa dakika arobaini. Zipu ya gauni ilikatika nikiwa natoka, mashangazi zangu wakataka kunifunga kwa pini, nami nikakataa kuolewa kwa pini. Nilivua gauni, nikafumua zipu yote, nikaishona upya kwa mkono, huku mama yangu akiniombea na kunitukana kwa pamoja. Simu za mkononi enzi zile zilikuwa za wachache. Ukumbini hawakujua lolote. Nilipofika hatimaye niliingia nacheka, jasho linanitoka, na picha ya kuingia kwangu iko ukutani hadi leo.

"Mbona hilo ni la kuchekesha," nikamwambia.

"Kwako wewe. Ulikuwa na zipu. Mimi nilikuwa na mlango."

Bosi aliinuka kwenye zulia. "Video yake ipo?"

Ipo. Yule aliyeipiga ndiye aliyenifanya mimi niingie kwenye kazi hii. Alikuwa mvivu wa kupindukia: alisimika kamera kwenye stendi, akaielekeza mlangoni, akaenda kula. Nilipoiona nilisema hata mimi naweza kupiga vibaya hivi, tena bila kula. Tulikwisha kuihamishia kwenye kompyuta zamani, lakini kile kipande cha mlango huwa nakiruka. Kinaanza mlango, nabonyeza, naingia nacheka. Sikuwahi kukitazama.

Siku ile tulikitazama.

Kulikuwa na mlango wa mbao wa pande mbili, upande mmoja wazi. Kwa kuwa yule mvivu hakuangalia alichofanya, mlango ulikuwa umesukumwa pembeni kabisa ya picha, na sehemu kubwa iliyobaki ni ukuta mtupu. Sakafuni kulikuwa na ukanda wa mwanga uliotoka nje. Hakuna mtu. Na kinanda kilikuwa kinalia, maana mume wangu alikuwa amekataa katakata mtu mwingine apige kwenye harusi yake. Alikaa kwenye kinanda na suti yake, akiwa amepanga kusimama mara nikitokea.

Alipiga wimbo wa kumkaribisha bibi harusi. Ukafika pale mwisho, pale ambapo bibi harusi anakanyaga ndani na noti ya mwisho inampokea. Sikukanyaga. Akarudia kutoka mwanzo. Ukafika pale pale. Akarudia. Picha haikusogea hata kidogo. Nilianza kutaka kuisogeza kwa macho, kuurudisha ule mlango katikati, nikashindwa. Mara ya tano wimbo ulikuwa umepungua mwendo. Mara ya saba mkono wa kushoto uliacha kupiga, ukabaki wa kulia peke yake, na ile noti ya mwisho akawa haigusi kabisa. Kichwa cha mgeni kilitokea chini ya picha, kikageuka kutazama mlango, kikarudi. Cha pili kikageuka. Kisha upepo ukausukuma ule upande wa mlango uliokuwa wazi, taratibu, na vichwa vyote vikageuka kwa mpigo.

Hakuna aliyeingia.

Bosi alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu. Jua lilikuwa linawaka dirishani na chini watu walikuwa wanaongea kuhusu bomba la maji. Na mimi, ninayejua fika ni nani aliyekuwa anakuja, maana ni mimi na zipu yangu, nilikuwa naogopa atakayeingia.

"Nilidhani hauji," mume wangu akasema.

Alisema hivyo tu, kwa sauti yake ya kila siku. Akaendelea kufuta kinanda.

"Mara ya kumi na moja nikajua kabisa hauji. Nikaogopa kumaliza wimbo. Nikimaliza, inabidi nisimame niwageukie watu. Kwa hiyo nikawa simalizi."

"Miaka ishirini na minne umekaa na hilo?"

"Uliingia unacheka. Ningesemaje?"

Niliona aibu, na nilimwonea huruma yule kijana wa kwenye kinanda ambaye kila mwaka tunamcheka mezani. Nilimwambia lililonijia kwanza. "Mnisamehe, wewe na yeye." Akasema wamenisamehe zamani, lakini nikilikumbuka wakati wa kupakua chakula, nimwongezee.

Bosi alikuwa amesimama katikati ya sebule, anazunguka. "Hiyo ndiyo filamu yangu!" akasema. "Hiyo hiyo! Kamera isiyojali, na wimbo usiomalizika!"

Alhamisi asubuhi niliisimika kamera kwenye korido. Niliisogeza kushoto mpaka mlango wa chumbani ukabaki pembeni na ukuta mtupu ukajaa picha. Mikono iliniwasha. Bosi akaniambia niiachie, nikaiachia, kisha nikaikalia mikono yangu kwenye kigoda ili isifanye lake. Muuguzi aliingia ametugeuzia mgongo, hatumwoni uso, akaweka mkoba, akakaa kwenye kiti karibu na kamera, akaupa mlango wa chumbani mgongo, akaanza kukunja nguo akiwa ameinama. Nyuma yake, mbali, mlango uko wazi kidogo. Akageuka kuutazama. Akarudi kwenye nguo zake. Kamera haikumfuata. Ilikuwa tabu kubwa kwangu. Nilijihisi mwenyeji asiye na adabu.

Mume wangu alikuwa anapiga ule wimbo wa kukaribisha, mkono mmoja, taratibu, bila kuufunga.

"Inatisha," Bosi akanong'ona. "Lakini mwisho wake bado. Dakika ya nne inahitaji kitu."

Hapo ndipo liliponijia, na nitajisifu kwa sababu hakuna mwingine atakayenisifia vizuri. "Basi nimpokee," nikasema.

"Muuguzi? Shangazi, tumeshazungumza."

"Si muuguzi. Huyo wa chumbani. Huyo ambaye haonekani."

Mume wangu aliacha kupiga. Nami nikainuka, nikaichomoa kamera kwenye stendi, nikaenda nayo hadi mlango wa chumba mwisho wa korido, na nikafanya kitu ninachokijua kuliko vyote duniani. Nilianza kurudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, kwa mwendo wa bibi harusi, kwa juu kidogo, nimeacha nafasi ya mtu katikati kabisa ya picha. Kila nilipompisha nilimpisha kwa heshima. Nafasi ile ilinifuata korido nzima, tupu, mpaka nikafika nyuma ya kiti cha muuguzi, aliyekuwa akikunja nguo. Hapo nikasimama, kama ninavyosimama siku zote bibi harusi anapofika alipokuwa akienda.

Muuguzi aliinuka akatoka hadi barazani. Alirudi baada ya dakika tano akasema yeye amezoea maiti, lakini hilo hapana.

Bosi alimpigia simu yule wa matangazo palepale, mbele yangu, akamwambia asante, asijisumbue.

Jumamosi saa nne asubuhi nje kulikuwa na jua kali na watu waliingia ukumbini wakiwa na chupa za maji na makelele. Tulikaa nyuma. Niliwatazama mmoja mmoja, nikafurahi: hakuna niliyemjua. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anajitafuta.

Taa zikazimwa. Dakika ya kwanza mtu alikuwa anatafuna kitu kikavu. Ya pili, kutafuna kukaacha. Kwenye kitambaa kikubwa cha sinema ukuta wangu mtupu ulikuwa mkubwa kuliko ulivyowahi kuwa nyumbani, na ule wimbo ukawa unazunguka, unafika mlangoni, unarudi. Dakika ya tatu, bwana mmoja mnene wa mstari wa sita aligeuza kichwa. Hakugeukia mwenzake. Aligeukia mlango wa ukumbi, ule wa kweli, nyuma yetu. Kisha mama mmoja akageuka. Kisha wawili wengine. Niliwaona gizani, vichwa vile vile nilivyoviona kwenye video ya harusi yangu, na nikang'ata kidole nisije nikapiga kelele kwa raha. Kisha kamera yangu ikaanza kumpokea asiyeonekana, na watu mia moja wakapandisha miguu yao vitini.

Wimbo ulikatika kabla ya noti ya mwisho. Taa zikawaka. Hakuna aliyesogea, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba imekwisha. Halafu mtu mmoja akacheka, cheko la kujikaza, na makofi yakaanza.

Yule bwana mnene alimfuata Bosi mlangoni. "Nani amepiga picha hii?"

"Shangazi yangu. Huyu hapa."

Alinitazama kutoka juu hadi chini, viatu vyangu vya harusini na mkoba wangu wa mkononi. "Mama, umenifanyia nini? Nimegeuka mara tatu. Mimi!" Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Na yule aliyekuwa anaingia ni nani?"

Nilimwambia ataona filamu ikikamilika. Sikumwambia ni mwanamke aliyekuwa anashona zipu.

Niliporudi kumchukua mume wangu, alikuwa bado amekaa kwenye mstari wa nyuma, peke yake, viti vyote vimeshaachwa wazi. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vinapiga juu ya goti, vinazunguka, vinafika mwisho, vinarudi mwanzo. Nadhani hakujua kama vinapiga. Nilipita katikati ya viti, nikakaa karibu naye.

"Nimefika," nikamwambia.

Alinitazama. "Zipu?"

"Imekubali."

Akaushika mkono wangu, akaufungua, na katikati ya kiganja akapiga, kwa kidole kimoja, ile noti ya mwisho.